Mgeuze Chali Kwanza: Kumtambua Mbawakawa wa Maji kwa Viungo Vyake

Mvua zikianza tu, watu hutuletea wadudu weusi waliowaokota asubuhi chini ya taa ya barazani, wamelala chali wakirusha miguu. Swali ni lile lile: huyu ni nani, na anauma? Simjibu mtu kabla sijamgeuza mdudu wake. Kwa mgongoni mbawakawa wengi wa maji wanafanana, weusi au kahawia, wanang'aa, umbo la mbegu ya tikiti. Rangi na ukubwa vimewapoteza wengi, nami nimo.

Anza na kichwa. Familia ya Hydrophilidae, ndiyo ya huyu mbawakawa wetu, hula zaidi mimea iliyooza na mabaki mengine, ingawa lava wao (wachanga wasio na mbawa bado) ni wawindaji wakali. Ukimtazama kwa lenzi ya mkono utaona nyuzi mbili ndefu zimetokeza mbele, utasema ndivyo vipapasio. Sivyo. Hizo ni palpi, viungo vya mdomo. Vipapasio vyenyewe ni vifupi, amevificha chini ya kichwa, na mwishoni vina rungu la pingili tatu zenye vinyweleo. Kabla ya rungu kuna pingili moja iliyobonyea kama kikombe.

Rungu hilo ndilo bomba lake la hewa. Pumzi ikimwishia, huja juu kwa kichwa, akakiinamisha upande kidogo, na kipapasio kikapasua uso wa maji ili hewa iteremke hadi kwenye vinyweleo vya tumboni. Mtie kwenye glasi ya maji uone: tumbo linameta kama fedha. Mbawakawa wa Dytiscidae, wale wazamiaji wanaochanganywa naye kila siku, huja juu kwa mkia. Vipapasio vyao ni kama uzi, na miguu ya nyuma huipiga yote miwili kwa pamoja, kama makasia. Huyu wetu hupiga mmoja mmoja, kama anatembea.

Sasa mlaze chali. Wakubwa wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Hydrophilus (yule wa Ulaya, Hydrophilus piceus, hukaribia sentimita 5) wana mkuku katikati ya kifua, kama wa jahazi, unaoishia kwa mwiba mkali unaoelekea nyuma. Kwa hiyo jibu la swali la barazani ni kwamba haumi, ila ukimbana kiganjani utachomwa. Dume utamjua kwa miguu ya mbele: pingili ya mwisho imepanuka kama kibao cha pembetatu.

Wadogo wanataka subira. Wa jenasi ya Berosus ana macho yaliyotokeza na vipapasio vya pingili 7, wakati Hydrophilus ana 9. Amphiops ni wa mviringo kama nusu ya choroko, na kila jicho limekatwa likawa mawili, la juu na la chini. Ukikuta jike amebeba kifuko cha mayai chini ya tumbo, mfikirie Helochares.

Hapo umefika kwenye jenasi tu. Kwa spishi, mara nyingi hakuna njia ya mkato ila kumfungua dume. Tunamlainisha kwa maji ya moto, kisha kwa pini iliyopindwa ncha tunavuta kiungo cha uzazi kupitia mkiani. Kina kitako, vipande viwili vya pembeni na kimoja cha katikati. Madume wawili ambao mgongoni huwatofautishi hata kwa darubini, hapa mmoja ana ncha butu na mwenzake ncha iliyopinda. Kiungo hicho hatukitupi. Tunakigundisha kwenye kadi ileile ya mdudu, au tunakiweka kwenye kichupa cha gliserini chini yake, kwenye pini ileile iliyomshika mdudu. Kikitengana na mwenyewe, hakina thamani tena.

Mkituletea, basi, msituletee mmoja. Huenda akawa jike, na kazi ikaishia kwenye jenasi. Chota kwa chujio la chai kwenye majani ya ukingoni mwa dimbwi, mwaga kwenye sahani nyeupe yenye maji, okota watano au sita, watie kwenye spiriti. Ndani ya chupa weka karatasi iliyoandikwa kwa penseli mahali, tarehe na jina lako, maana wino wa kalamu huyeyuka. Na aliyempata kwenye kinyesi kibichi cha ng'ombe asione haya kumleta: Sphaeridium huishi humo humo, na ni wa familia hii hii.