Je, wajua amri moja ya kivita huandikwaje kwa majeshi ya nchi tatu?

Ukisimama Tunduma asubuhi, upande wetu ni saa mbili kamili. Vuka hatua chache uingie Nakonde, Zambia, ni saa moja. Kasumulu nako ni vivyo hivyo ukivuka Mto Songwe kwenda Malawi. Wafanyabiashara wa mpakani wamezoea na huuliza tu, "Saa ya huku au ya kule?" Anayeachwa na basi ni mgeni.

Sasa mgeni huyo mfanye kombania ya askari. Mizinga ya nchi nyingine imepangiwa kupiga kilima hadi saa fulani, kisha askari wetu wa miguu waanze kukipanda. Kila upande ukifuata saa ya kwao, watu wanapanda kilima huku makombora ya rafiki zao yakiwashukia.

Ndiyo maana katika amri za pamoja muda huandikwa hivi: 150300Z. Tarakimu mbili za mwanzo ni tarehe, nne zinazofuata ni saa, na herufi Z ni saa ya Greenwich. Tanzania tuko herufi C, saa tatu mbele. Malawi, Zambia, Afrika Kusini na mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, wako herufi B, saa mbili mbele. Kwa hiyo 0300Z ni saa kumi na mbili asubuhi kwa aliyeko Mbeya, na saa kumi na moja alfajiri kwa aliyeko Goma. Hapo bado kuna mtego wetu wenyewe. Mswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, kwa hiyo afisa akimtafsiria mwenzake wa Afrika Kusini "saa kumi na moja" neno kwa neno, shambulio la alfajiri linasogea hadi karibu na chakula cha mchana.

Saa ndiyo sehemu nyepesi. Amri yenyewe, kwa majeshi mengi yaliyojifunza mtindo wa Uingereza au Marekani, ina sehemu tano: hali ilivyo, jukumu, utekelezaji, ugavi, na mwisho ukamanda pamoja na mawasiliano. Jukumu ni sentensi moja tu: nani, afanye nini, wapi, lini, na kwa nini. Mimi naona hilo "kwa nini" ndilo lenye thamani kuliko yote, maana redio ikikatika, kamanda wa platuni (kikosi kidogo) anayejua sababu ya kutumwa anaweza kuamua mwenyewe.

Lakini nchi zikiwa tatu, utata mkubwa huhamia sehemu ya tano: nani anamwamuru nani? Kuelewa uzito wa swali hilo hatuhitaji kwenda mbali. Nyanda za Juu Kusini ziliona jibu lake mwaka 1916.

Mwaka huo, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi yetu walishambuliwa kutoka pande kadhaa. Jenerali Smuts alishuka na Waingereza, Waafrika Kusini na Wahindi kutoka Kilimanjaro. Wabelgiji wa Jenerali Tombeur waliingia kutoka Kongo. Kusini, Brigedia Jenerali Northey alivuka mwezi Mei kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), akachukua Tukuyu (Wajerumani waliiita Neu Langenburg), akapita Njombe, na Agosti 29 akaingia Iringa. Kwenye ramani ungesema ni wavu umefungwa.

Ila wavu ule haukuwa na mshikaji mmoja. Northey alitumwa na Wizara ya Makoloni ya London, si na Smuts. Tombeur naye alikuwa na mabwana zake, na Ubelgiji ilitaka ardhi ya kuwekea dau mezani vita vikiisha. Wabelgiji walipoiteka Tabora Septemba 19, walisimama hapo, kwa kuwa walichokitaka walikuwa wamekipata. Jeshi la Kijerumani lililotoka Tabora chini ya Jenerali Wahle likateremka kusini-mashariki bila kufukuzwa, na Oktoba likatokea mgongoni kwa Northey. Likaiteka kambi ya Ngominji karibu na Iringa, likaizingira Lupembe. Kundi lake moja lilikamatwa Ilembule mwezi Novemba, lakini Wahle mwenyewe alipenya na askari wake waliosalia hadi kwa wenzao upande wa Mahenge. Waliolipa zaidi ni wapagazi na wenyeji, ambao chakula chao kilichukuliwa na kila jeshi lililopita. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Linganisha na mwaka 2013. Machi 28, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098 la kuunda brigedi maalumu mashariki mwa Kongo, yenye askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Azimio lilitaja ukamanda waziwazi: brigedi iwe chini ya mkuu wa majeshi ya Umoja wa Mataifa nchini humo, ambaye mwaka ule alikuwa Jenerali dos Santos Cruz wa Brazil. Brigedi yenyewe iliongozwa na Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Novemba mwaka huohuo, jeshi la Kongo likiwa mstari wa mbele na brigedi ikilisaidia, waasi wa M23 walitangaza kuweka silaha chini.

Hata hivyo hakuna nchi inayokabidhi askari wake moja kwa moja. Kamanda wa pamoja huazimwa mamlaka ya kuwatumia kwa kazi iliyoandikwa. Nidhamu, mashitaka na kupandisha vyeo hubaki nyumbani. Kila nchi pia yaweza kuja na masharti yake: askari wetu wasivuke mto fulani, wasitumike kutuliza maandamano. Afisa mnadhimu anayepanga huanza kwa kuyakusanya masharti hayo, maana mpango mzuri unaotegemea batalioni isiyoruhusiwa kusogea ni karatasi tu.

Ugavi nao una vituko. Risasi ya milimita 7.62 ya bunduki za jamii ya Kalashnikov haiingii kwenye bunduki ya R4 ya Afrika Kusini, inayokula 5.56. Kwa hiyo huwezi kuazimana risasi katikati ya mapambano, labda ugali, ambao Mmalawi huuita nsima.

Ndipo wanapoingia maafisa viungo: kila jeshi huweka mtu wake kwenye makao makuu ya mwenzake, aijuaye lugha na tabia za pande zote mbili. Kisha amri ikishasomwa, makamanda husimama kuzunguka ramani iliyochorwa chini kwa mchanga, mawe na kamba. Hakuna anayeulizwa "umeelewa?", kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo. Huambiwa: tembea juu ya ramani, utuoneshe utakapokuwa saa 0300Z, na ni nani atakuwa kulia kwako.