Faji si dawa ya kisima

Tangu habari za faji, yaani virusi vinavyoua bakteria, zianze kuzunguka kwenye simu, hapa maabara ya maji Lamu tunaulizwa maswali mawili. La kwanza, faji zinauzwa wapi? La pili ndilo linalonitia wasiwasi: ikiwa faji zimo majini tayari, kuna haja gani ya klorini?

Kweli zimo. Félix d'Hérelle ndiye aliyezipa jina la bakteriofaji mwaka 1917, na hadi leo tukidondosha maji yenye faji kwenye sahani iliyotanda bakteria, kesho yake tunakuta madoa maangavu pale bakteria walipokufa. Lakini kila faji ina bakteria wake. Faji T4 humshika E. koli, bakteria wa utumboni, kwa ncha za nyuzi za mkia. Protini ya ncha hizo ikibadilika kidogo tu, faji yaweza kushindwa kushika, au ikahamia bakteria wa aina nyingine. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan State walionyesha kwamba faji lamda, ambayo humwingia E. koli kupitia LamB, protini iliyo juu ya bakteria huyo, ilipata njia mpya kupitia protini yake nyingine, OmpF, baada ya mabadiliko manne kwenye protini moja ya faji yenyewe, J. Bakteria nao hawakai kusubiri. Yule wa kipindupindu akibadili sukari za utando wake wa nje, faji ICP1 inakosa pa kushika. Basi anayewaambia kisima cha babu kinajitibu chenyewe anawapoteza.

Mabadiliko mengine huharibu uundaji wenyewe. Kichwa, mkia na nyuzi za T4 hutengenezwa kila kimoja peke yake, kisha huunganishwa. Protini moja ya nyuzi ikiharibika, hutoka faji zenye kichwa kilichojaa DNA na mkia wake, ila haziambukizi kitu. Watafiti Edgar na Wood walilithibitisha hili mwaka 1966: walichanganya majimaji ya bakteria walioambukizwa na faji zenye kasoro tofauti, na faji nzima zikajiunga ndani ya kichupa. Kwa hiyo kuziona faji kwenye hadubini hakutoshi. Zikitumiwa kama dawa, lazima zijaribiwe kwa bakteria wa mgonjwa husika.

Na kwa wanaouliza faji zinauzwa wapi: kuuza dawa isiyosajiliwa ni kosa chini ya Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244. Adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili. Ukiletewa kichupa cha faji kisichosajiliwa usikifungue, mwone afisa wa afya wa wadi yako.

Kupima kisima, chukua chupa kwetu. Usiisuuze, maana ile dawa iliyomo ndani imewekwa makusudi kuzima klorini. Usiijaze pomoni. Andika mtaa, kisima, tarehe na saa, iweke kwenye barafu, na ifike ndani ya saa 6. Walio Faza na Kizingitini wapange kwanza saa ya boti, ndipo wachote. Chupa ya soda hatupokei, nimeshalisema mara nyingi.

Maji yakipimwa na kuonekana machafu, mwenye kisima hupewa ilani chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, yenye muda wa kurekebisha. Akikaidi, hupelekwa mahakamani. Wakati huo wote, majirani watie klorini kwenye mitungi yao nyumbani na kusubiri dakika 30 kabla ya kunywa.