Siku moja Roma, tukifuata maji ya mserereko

Neema alishuka treni katika kituo cha Termini saa tatu asubuhi, chupa tupu mkononi, na swali lake la kwanza lilikuwa duka la maji liko wapi. Nikamwambia leo hatununui maji. Mtaa wa pili tukalikuta bomba la chuma limesimama peke yake kando ya barabara, linafika kifuani, halina koki, maji yanatiririka tu. Wenyeji huliita nasone, yaani pua kubwa, kwa jinsi mdomo wake ulivyopinda. Mabomba haya yalianza kusimikwa miaka ya 1870 na leo mjini yako zaidi ya 2,000. Ukiziba mdomo kwa kidole, maji yanaruka kupitia kitobo kilicho juu ya ile pua, unakunywa bila kuinama. Ni baridi, safi, bure.

Mimi ni mhandisi wa maji, na kazini kwetu maji yanayomwagika mchana kutwa huitwa upotevu. Kwa hiyo niliyatazama mabomba yale kwa moyo mzito kidogo. Maelezo ya wenyeji yana mantiki: maji yasiyosimama hayachachi bombani. Lakini ukame wa mwaka 2017 ulipobana, mengi yalifungwa, na mimi naamini ulikuwa uamuzi sahihi.

Ilikuwa Aprili 2023. Neema alikuwa akisoma Bologna kwa posho ndogo, mimi nilikuja kwa mafunzo mafupi ya kazi. Tulikubaliana tusivuke euro 20 kwa wawili. Colosseum, ule uwanja wa kale wa michezo, tukaiacha, maana tiketi moja ingetafuna karibu fedha yote. Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni bure, ila sisi tulikuwa na Jumanne. Nikampendekezea tufuate njia ya mfereji mmoja wa kale, kwa miguu, tuone unatupeleka wapi.

Mfereji wenyewe ni Aqua Virgo, ulioletwa mjini na kiongozi wa Kirumi Marcus Agrippa mwaka 19 K.K. Ni mradi wa mserereko kama ile tunayojenga vijijini: chanzo kiko juu, watu wako chini, maji yanajishukia bila pampu. Tofauti ni kimo, yaani chanzo kiko juu kiasi gani kuliko mwisho wa maji. Mfereji una urefu wa kilomita 20 hivi, sehemu kubwa chini ya ardhi, na kutoka chanzo hadi mjini unashuka kama mita 4 tu. Gawanya mwenyewe: sentimita 20 kwa kila kilomita. Nimelaza mabomba kwenye milima yenye mteremko wa kutosha na bado hewa ikakwama njiani. Hawa walipima kwa mbao na kamba! Vitruvius, msanifu wa Kirumi aliyeandika zama hizo hizo, anakieleza kifaa chao: ubao wa futi 20 wenye timazi pembeni, na juu yake mfuo wa kumwagia maji siku ambazo upepo unatikisa timazi. Nilimweleza Neema haya tukitembea, akasimama katikati ya njia akaniambia nirudie ile ya upepo.

Ukiwa na hesabu hiyo kichwani, uwanja wa Piazza di Spagna, ambako mfereji unapita, unasomeka vingine. Mbele ya ngazi kubwa za uwanja huo kuna Barcaccia, chemchemi ya mawe yenye umbo la mashua, kazi ya Pietro Bernini iliyokamilika miaka ya 1620. Imekaa kama inazama, iko chini ya usawa wa barabara, na maji yanavuja ubavuni badala ya kuruka. Presha haikuwepo. Mfereji unafika pale ukiwa umebakiza kimo kidogo sana, hivyo fundi akachimba chini na kuchonga chombo ambacho kuvuja ndiyo hali yake. Sijaona mahali pengine udhaifu wa mtandao ukigeuzwa kuwa umbo zuri kiasi kile. (Ngazini msikae. Tangu 2019 imekatazwa, na faini inaweza kufika euro 400.)

Kutoka pale, mtaa wa Via del Nazareno una matao ya mfereji wenyewe nyuma ya uzio, yamechongwa jina la mfalme Claudius aliyeyakarabati. Watu wanapita bila kugeuka. Jirani, ghorofa ya chini ya ardhi ya duka la Rinascente, kipande kingine cha mfereji kimeachwa wazi katikati ya bidhaa, na hakuna anayekudai kitu. Chemchemi ya Trevi iko karibu, nayo unaishukia kwa ngazi kwa sababu ile ile ya kimo. Umati ulikuwa mkubwa, hatukukaa.

Mchana tulikula pizza ya kukatwa kwa mkasi na kupimwa kwenye mzani, euro 9 kwa wawili, tukiwa tumesimama. Kahawa nayo tuliinywa kaunta, 1.20 kila mmoja. Ukikaa mezani bei mara nyingi hupanda. Pantheon, hekalu la kale la Warumi, tuliingia bure, ingawa tangu Julai mwaka ule wageni hulipa. Tazameni sakafu: imeinuka katikati na ina vitobo, maana mvua huingia kwa tundu la juu na lazima itoke.

Tukaishia uwanja wa Piazza Navona, ambako chemchemi zake nazo zimekunywa maji ya mfereji huu kwa karne nyingi. Pale Gian Lorenzo Bernini, mtoto wa yule fundi wa mashua, alikamilisha mwaka 1651 chemchemi ya mito minne. Mto Nile umechongwa kama mwanamume aliyefunikwa kichwa kwa kitambaa, kwa kuwa Ulaya ya wakati ule haikujua mto unaanzia wapi. Speke, mpelelezi Mwingereza aliyetaja Ziwa Victoria kuwa chanzo cha Nile, alifika Mwanza mwaka 1858. Neema na mimi tumezaliwa Mwanza. Miaka yote ile jiwe likiwa limefunikwa macho, wazee wetu walikuwa ziwani wanavua sato.

Neema alimtumia mama yake picha na maelezo marefu. Jibu la sauti lilikuja tukiwa bado pale: "Basi mwambieni ajifunue, sisi tupo."

Basi namba 64 lilituchukua hadi Termini, euro 1.50 kila tiketi. Siku nzima ilitugharimu euro 14.40, na chupa ya Neema ilipanda treni ikiwa imejaa.