Kwale wa Udzungwa si kwale wa shambani

Kila tunapofika vijijini kuzungumzia mitego ya nyaya inayonasa kwale wa milima ya Udzungwa, hapa Tanzania, tunajibiwa jambo lilelile: "Kwale ni kwale tu, mbona wamejaa mashambani?" Ndugu zetu, jibu hilo limetuchosha kwa sababu si kweli.

Mkamate kwale dume wa shambani umtazame mguu: ana kipi, ile pembe ngumu ya nyuma kama ya jogoo. Kwale wa Udzungwa hana. Mdomo wake ni mwekundu, uso una rangi ya kutu, tumbo ni la kijivu lenye madoa meusi, na jamaa zake wa karibu wako Asia. Wanasayansi walimgundua mwaka 1991, watafiti walipoona miguu ya ndege wasiyemjua ndani ya sufuria kambini. Anapatikana katika misitu ya Ndundulu, Nyumbanitu na Luhomero, huko huko Udzungwa, na mwenzake yuko milima ya Rubeho. Basi, duniani kote hayupo kwingine.

Usiku hulala mtini, lakini kutwa nzima yuko chini na kikundi chake, akipekua majani makavu kutafuta wadudu na mbegu. Mtegaji anajua hivyo. Hupanga kijiuzio cha matawi, huacha mianya, na kila mwanya huuwekea kitanzi. Kikundi kizima kinaweza kuishia hapo.

Kuhusu sheria tuelewane vizuri. Kuingia Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa bila kibali ni kosa la kwanza. Kukutwa humo na waya wa kutegea ni la pili, kwa kuwa waya huo huhesabiwa kuwa silaha hata kama haujanasa kitu. Kukutwa na ndege ni la tatu: kumiliki nyara za Serikali, na hilo ni uhujumu uchumi. Hati ya ukamataji itajazwa mbele ya shahidi, utasaini, ofisa wanyamapori atathaminisha nyara. Ikiwa ni ya kuoza, hakimu ataiona nawe ukiwapo, kabla ya kuteketezwa. Kisha jalada husubiri kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Anayedhani atalipa faini ya kitoweo jioni arudi nyumbani anajidanganya.

Upande wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Kilombero hutumika pia Sheria ya Misitu ya 2002.

Ukikuta kijiuzio cha namna hiyo, usichukue waya, maana ukikutwa nao njiani utapata kazi kujieleza. Mwambie mtendaji wa kijiji ni bonde gani, nasi tutapanda.