Jukwaani hakuna aliyeshika kontrola

Wazo lile la kupeleka Tekken, gemu ya video ya mapigano, kwenye mashindano ya cosplay (kuvaa na kuigiza wahusika jukwaani) limerudi tena, na linatoka kwa watu wanaoijua gemu hiyo hadi mchoro wa glavu: "Hii gemu ni ngumi tu. Tuchague kombo kumi kali, tuvae, tupande, tuchapane dakika mbili." Nimelisikia Kisumu, nimelisikia Nakuru, na jibu langu halijabadilika. Mtafanya hivyo, watu watapiga makofi sekunde kumi za kwanza, kisha watatoa simu.

Utamu wa kombo, yaani mapigo yanayofuatana bila mwanya, uko vidoleni. Anayecheza ndiye anayejua kwamba angechelewa kidogo tu angepigwa yeye, na hofu hiyo ndiyo inayomfanya aruke kwenye kiti. Aliyekaa ukumbini hana kontrola. Anachoona ni watu wawili waliovaa sponji wakirushiana mikono, tena hajui nani anakaribia kufa, kwa sababu ule mstari wa uhai wa juu ya skrini haumo jukwaani.

Na kombo zenyewe hazitekelezeki. Tekken imejengwa juu ya kumrusha mpinzani hewani na kumchapa kabla hajatua. Binadamu hakai hewani hata sekunde moja, awe na miguu ya namna gani. Kwa hiyo wachezaji huanza kuigiza "kurushwa" kwa kurudi nyuma wakipepesuka, na kombo ya kutisha inageuka kuwa mlevi anayetafuta ukuta.

Cha kubeba kutoka kwenye gemu ni tukio moja. Tekken 7, iliyotoka mwaka 2015 kwenye mashine za arcade (zile za kumbi za michezo), ilileta jambo linalofaa jukwaa kupita kombo zote: wote wawili wakiwa wamebakiza uhai kidogo, wakirusha pigo kwa wakati mmoja, kamera inasogea na mwendo unapungua. Aliyeshika kontrola na asiyeishika wanangoja kitu kimoja. Hapo ndipo mahali pa kuweka igizo lenu, na yaliyobaki yote yawe njia ya kufika hapo.

Sasa mwendo wa polepole, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mwendo wa polepole ni mwendo uleule wa kasi uliovutwa, na kupunguza bidii hakukupi huo. Rusheni ngumi kwa kasi ya kawaida mara ishirini kwanza, mkiangalia nini kinatangulia: kisigino kinainuka, nyonga inageuka, bega linafuata, mkono unakuja mwisho. Kisha fanyeni mpangilio huohuo kwa hesabu ya nane, hesabu moja kwa sekunde. Mkono ukitangulia nyonga hata mara moja, mtazamaji ataona mtu anayesalimia.

Chagueni ngumi, si teke. Teke la juu la sekunde nane ni mguu mmoja unaotetemeka mbele ya majaji. Nywele na nguo hazitii hesabu, zinaanguka kwa kasi yake, kwa hiyo koti refu lisimame wima wakati huo na wigi linyunyiziwe dawa ya nywele hadi ligande. Na msijaribu kuanguka polepole. Uzito wa dunia haujui kuigiza. Mwendo wa polepole uishe pale ngumi inapofika, sauti ya pigo ilie, na mwili uanguke kwa kasi ya kweli. Mkato huo ndio utakaowafanya watu wapige kelele.

Ngumi yenyewe haigusi. Acheni nafasi ya sentimita 20 hadi 30, na simameni kwa mshazari ili mgongo wa mmoja ufiche nafasi hiyo kwa waliokaa mbele. Anayepigwa ndiye anayeuza pigo: kichwa chake kigeuke pamoja na sauti. Kikichelewa hata robo sekunde, ukumbi mzima umeona uongo.

Sauti iwe faili moja, maneno na muziki ndani yake, kwa sababu hakuna maikrofoni itakayokaa chini ya kofia ya sponji. Muziki uwe chini ya maneno kwa desibeli 6 mpaka 10. Anzeni na sekunde mbili za kimya, na isikilizeni kwa spika moja tu, maana kumbi nyingi zinapiga mono, sauti ileile kwenye kila spika, na ule upepo wenu wa kutoka kushoto kwenda kulia utapotea. Kwenye World Cosplay Summit, shindano la dunia la Nagoya, Japani, ambako timu ni ya watu wawili, mnapewa dakika 2 na nusu. Hata shindano la nyumbani likiwapa muda huohuo, tengenezeni ya 2:20. Mtu aliyevaa sponji hutembea polepole kuliko anavyodhani.

Lugha? Watu hukata maneno ya Kiingereza kutoka kwenye gemu na kuyabandika wakidhani ndiyo heshima kwa mhusika. Lakini katika Tekken za sasa Jin anasema Kijapani, King, mwanamieleka wa kinyago cha mnyama, ananguruma kama chui, na wote wanaelewana bila mkalimani. Kazuya, baba yake Jin, akisema Kiswahili hajavunja sheria yoyote ya ulimwengu ule. Hata hivyo nakiri jambo hili linanisumbua: jaji ambaye hajawahi kugusa gemu apewe maelezo kiasi gani? Sentensi moja, kwamba huyu mzee alimtupa mwanawe bondeni akiwa na miaka mitano, inatosha kumfungulia ugomvi wa Heihachi na mwanawe Kazuya. Mashabiki wanaona ni kuwatafunia. Leo naiacha, kesho naikata.

Vazi nalipitia haraka kwa sababu hilo ndilo mnalolijua. Mikeka ya sponji ya watoto, ile ya kuunganisha, inatosha kwa silaha na mabega: milimita 10 kwa umbo, kisha karatasi za sponji za milimita 5 kwa tabaka la juu na 2 kwa nakshi. Ipitisheni hewa moto mpaka uso ung'ae kidogo kabla ya gundi nyeupe na rangi, la sivyo rangi inanyonywa. Gundi ya mafundi wa viatu ipakwe pande zote mbili na iachwe mpaka isishike kidole. Wenye haraka wanabandika ikiwa mbichi, halafu wanalaumu gundi. Na joto la Kisumu si mchezo: vazi likiachwa mchana ndani ya gari lililofungwa, gundi hulegea na mishono hufunguka kabla hamjatoka mjini.

Mabega yafungwe kwa lastiki, siyo kugandishwa kwenye kifua. Inua mikono yote miwili juu ya kichwa ukiwa umevaa kila kitu. Kama bega linakugonga sikio, hiyo ngumi ya hesabu nane haipo. Mazoezi ya wiki mbili za mwisho yafanywe na vazi zima, viatu pia.

Kwa mabawa ya Devil Jin, yaani Jin aliyegeuka shetani: manyoya ya sponji ya milimita 2, mirija ya alumini, na mikanda ya begi la mgongoni ikifichwa chini ya vazi. Paipu ya PVC ya nusu inchi itayumba kila ukigeuka. Yatengenezwe ya kukunjwa, kwa sababu lazima yapite kwenye mlango wa matatu na wa nyuma ya jukwaa. Mkitaka yafunguke kwa kubandua velkro, kumbukeni velkro inachanika kwa kelele inayosikika hadi mstari wa tatu. Wekeni radi kwenye faili la sauti, sekunde ileile.