Je, wajua kwa nini mtabibu wa homiopathia humuuliza mgonjwa wa goti analalia ubavu gani?

Mtu aliyezoea kuchukua namba asubuhi, akakaa kwenye benchi hadi aitwe, kisha akatoka na karatasi ya dawa kabla kiti cha daktari hakijapata joto lake, hushangaa sana anapoingia kwa mara ya kwanza kwa mtabibu wa homiopathia. Amekuja kwa ajili ya goti. Anaulizwa kama anapenda chumvi, kama hutokwa na jasho usingizini, huota nini, huogopa nini, na akilala hulalia ubavu gani. Baadhi ya watu hudhani wanapigiwa ramli, na dhana hiyo ina sababu yake kwetu Unguja na Pemba, kwani mganga wa falaki naye humuuliza mgonjwa jina lake na jina la mama yake kabla ya yote ili aitazame nyota yake. Hata hivyo, maswali ya homiopathia yana asili nyingine kabisa, na asili hiyo ni gome la mti wa kwinini.

Mwaka 1790 daktari wa Kijerumani Samuel Hahnemann, aliyezaliwa mjini Meissen mwaka 1755, alikuwa akitafsiri kitabu cha dawa cha William Cullen wa Scotland, akafika pahala palipoelezwa kwamba gome hilo huondoa homa za vipindi kutokana na namna linavyoliimarisha tumbo. Hakuridhika na maelezo hayo. Akalinywa mwenyewe kwa siku kadhaa, hali ya kuwa ni mzima, na akaandika kwamba vidole vilimpoa, moyo ulimwenda mbio na mwili ulimtetemeka, mfano wa mtu aliyeshikwa na homa ile ile. Kutokana na jambo hilo alijenga rai, aliyoitangaza mwaka 1796 na ambayo ndiyo msingi wa homiopathia, kwamba kitu kinachomletea mzima dalili fulani kinaweza kumwondolea mgonjwa dalili zinazofanana nazo. Yeye, jamaa zake na wanafunzi wake wakawa wanakunywa mimea na madini mbalimbali, na kila mmoja akaandika alichokihisi: maumivu, saa yalipoanza, upande wa mwili, kiu, hasira, hata ndoto.

Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Vitabu vya dawa vya homiopathia vilikusanywa kutokana na masimulizi ya watu kuhusu walivyojisikia, na vinasomeka kama shajara kuliko orodha ya maradhi na tiba zake. Ili mtabibu aoanishe mgonjwa na dawa, hana budi kupata kwa mgonjwa masimulizi yenye undani ule ule, na jina la ugonjwa peke yake halimfikishi popote. Kofia ya viua haishonwi kwa kuambiwa tu kwamba mvaaji ni mwanamume. Hupimwa kichwa chake.

Tumchukulie bi mkubwa mmoja wa Wete, ameketi mbele ya mtabibu ambaye kwa umri ni mwanawe.

"Goti linaniuma, mwanangu."

"Pole, bi mkubwa. Hebu nieleze hayo maumivu yenyewe."

"Nikiamka alfajiri kwenda kutia udhu, hatua za mwanzo nazihesabu. Nikishakwenda na kurudi, linalegea, nafika sokoni bila ya taabu. Lakini nikikaa kitako arusini, kuinuka ndiyo kazi. Na mvua za masika zikianza, basi hata usingizi sipati, nageuka huku na huku."

Jirani yake, mwenye goti lililovimba vile vile, anasema kinyume: "Mimi langu halitaki kusogezwa. Nikitulia, nalo limetulia. Nikilifunga kanga likabanwa barabara, ndiyo napata nafuu." Kituo cha afya kinaweza kuwapa wote wawili dawa moja ya maumivu. Mtabibu wa homiopathia atawatenganisha. Kwa yule wa kwanza, ambaye maumivu yake huzidi anapoanza kwenda na katika unyevunyevu na hupungua akiendelea kutembea, ataielekea Rhus toxicodendron, itokanayo na mmea wa Marekani ya Kaskazini ambao ukigusa ngozi huiwasha na kuitoa malengelenge. Kwa yule wa pili ataielekea Bryonia, mmea utambaao wa Ulaya. Kinachozidisha na kinachopunguza ndicho kiini cha mahojiano yote, na ndiyo maana suala la kulalia ubavu gani halikuulizwa kwa mchezo.

Hahnemann aliweka kanuni za mahojiano katika kitabu chake kikuu, Organon, kilichotoka mwaka 1810. Mtabibu, anasema, aje na akili isiyokwishahukumu, milango ya fahamu iliyo timamu na uaminifu wa kuandika. Amwache mgonjwa aseme hadi amalize, wala asimkatize isipokuwa ametoka kabisa nje ya maneno, kwa sababu mawazo yakishakatizwa hayarudi kama yalivyokusudiwa. Aandike kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Kila dalili aianzishe mstari mpya na aache nafasi chini yake, ili lile litakalokumbukwa baadaye lipate pa kuingia. Awaulize na wanaomuuguza kile walichokiona. Na asiulize swali ambalo jibu lake ni ndiyo au siyo.

Kanuni hii ya mwisho ina uzito wa pekee kwetu. Mtabibu akiuliza, "Linauma zaidi usiku, siyo?" mgonjwa mwenye adabu zake atajibu, "Ndiyo, daktari," kwa kuwa kumpinga mtu aliyekaa upande ule wa meza huonekana ni utovu wa heshima, na pale pale karatasini imeingia dalili ambayo haipo. Akiuliza, "Wakati gani unalihisi zaidi?" mgonjwa analazimika kuitafuta siku yake mwenyewe. Kitabu hicho hicho kinatahadharisha kwamba wapo wagonjwa wanaoyakuza maumivu yao na wapo wanaoyaficha kwa uvivu wa kueleza au kwa haya. Suala la haya halihitaji kuelezwa Zanzibar. Mwanamke aliyefuatana na mumewe au kaka yake mara nyingi husemewa kila kitu, mwenyewe akiwa kimya chini ya buibui lake, na ikiwa tatizo ni la siku zake, jambo hilo litapita bila ya kutajwa hadi mtabibu apate njia ya heshima ya kumwomba yule msemaji asubiri ukumbini.

Baada ya haya, kuna lugha. Vitabu vya fani hii viliandikwa kwa Kijerumani na Kiingereza, na mgonjwa wetu anasema Kiswahili cha nyumbani. Kichwa kinaniwanga si sawa na kichwa kinapwita, na tumbo linasokota ni jambo jingine na tumbo linaloungua. Asiyekijua Kiswahili vyema akisikia "moyo unanichafuka" atakwenda kuandika chini ya maradhi ya moyo, ilhali mgonjwa ana kichefuchefu. "Mgongo" katika kinywa cha mwanamume aliyekwishaoa unaweza kuwa mgongo, na unaweza kuwa stara ya jambo asilotaka kulitaja. Lipo pia neno baridi yabisi, ambalo tunalitamka kila siku bila ya kuwaza kwamba limebeba tabibu wa kale ndani yake: baridi na ukavu, sifa mbili kati ya nne ambazo tiba ya Kiyunani, iliyotufikia kwa mkono wa Waarabu, ilizitumia kupimia mizaji ya watu. Mgonjwa anayesema "hii ni baridi yabisi" ameshatoa hukumu badala ya dalili. Mtabibu makini humrejesha taratibu kwenye anachokihisi.

Masimulizi yakikamilika, huchujwa. Dalili za kawaida, kama kuchoka wakati wa homa, hazisaidii sana, kwa kuwa kila mwenye homa huchoka. Kinachotafutwa ni kile cha ajabu na cha nadra: homa kali isiyo na kiu, au mtu anayesema anaungua ndani lakini bado anataka kujifunika. Dalili hizo hutafutwa katika faharasa kubwa, maarufu zaidi ikiwa ni ile ya James Tyler Kent wa Marekani iliyoanza kutoka mwaka 1897, yenye kurasa zaidi ya 1,000. Siku hizi kompyuta hufanya kazi hiyo kwa dakika chache.

Je, dawa inayopatikana baada ya kazi yote hiyo hutibu? Hapa sina budi kusema wazi. Dawa ya nguvu ya kawaida hutengenezwa kwa kuchanganya tone 1 la dawa na matone 99 ya maji au spiriti, kutikisa, kuchukua tone 1 la mchanganyiko huo na kurudia tena, hadi mara 30. Ikishapita mara 12 hivi, uwezekano wa kubaki hata molekuli moja ya mmea wa mwanzo huwa mdogo mno. Mwaka 2015 baraza la taifa la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti zilizokuwapo na kuhitimisha kwamba hakuna ugonjwa wowote ambao una ushahidi wa kutegemewa kuwa homiopathia huutibu.

Hata hivyo, utafiti mmoja uliochapishwa Uingereza mwaka 2011 unanivutia zaidi kuliko mabishano yote. Wagonjwa 83 wa baridi yabisi ya viungo, wakiendelea na dawa zao za hospitali, waligawanywa: baadhi walipata mahojiano kamili ya homiopathia na wengine hawakuyapata, baadhi walipewa dawa yenyewe na wengine kitu kisicho na dawa. Waliohojiwa walipata nafuu katika baadhi ya vipimo, iwe walipewa dawa au hawakupewa. Dawa haikuongeza kitu. Kwa maneno mengine, lililomfaa mgonjwa ni yale maswali aliyoyashangaa.

Matokeo hayo hayapaswi kuwashangaza waganga wa hospitali. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1984, uliosikiliza mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa, uliona kwamba kwa wastani mgonjwa alikatizwa baada ya sekunde 18. Na Uingereza, mwaka 1975, ilionekana kwamba katika wagonjwa wapya 80, maelezo ya mgonjwa peke yake yalitosha kuutambua ugonjwa wa 66 kati yao kabla ya kipimo chochote. Foleni ya Mnazi Mmoja au ya Chake Chake hairuhusu saa nzima kwa kila mtu, na si haki kumlaumu daktari mmoja mwenye watu hamsini mlangoni.

Yapo pia mambo yasiyostahili kusubiri mahojiano. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha dhidi ya kutegemea homiopathia kwa malaria, kifua kikuu, Ukimwi na kuharisha kwa watoto wachanga. Homa ipimwe damu kwanza, kikohozi cha wiki mbili kipimwe makohozi, na goti jekundu lenye moto na homa lifike hospitali siku hiyo hiyo. Hahnemann alipenda mgonjwa aache dawa zake za awali kwa siku chache ili dalili zionekane safi. Kwa mwenye dawa za presha au sukari, pendekezo hilo likataliwe.

Yule bi mkubwa wa Wete ameshamaliza. Amejitanda kanga yake, amevaa kiatu kimoja, na mkono mmoja ameuegemeza kwenye kizingiti ndipo anageuka: "Halafu, mwanangu, sijui kama na hili ni neno. Usiku naamka mara tatu, mara nne kwenda haja ndogo, na kiu haikatiki hata ninywe mtungi mzima." Mtabibu anarudi kwenye karatasi, anaandika katika ile nafasi aliyoiacha chini ya mstari wa usingizi, kisha anachukua karatasi nyingine, ya kumpeleka kituo cha afya akapimwe sukari asubuhi kabla hajala kitu.