Reli zilizokufa Uganda: yanayosemwa na yaliyopo

"Huko utaona nini? Vyuma vyote viliuzwa skrepa zamani." Hivyo ndivyo ninavyoagwa kila nikitoka Jinja kwenda kutembea njia ya zamani ya reli. Ni kweli vyuma vimeibwa mahali pengi. Lakini garimoshi haliwezi kupanda kilima kama bodaboda, kwa hiyo waliojenga njia walijaza udongo bondeni na kukata vilima mpaka mteremko ukawa mdogo. Tuta hilo hakuna mwizi wa kulibeba. Ukiwa katikati ya miwa ukaona kijia kinachopinda polepole mno, hakina mlima wala shimo, na chini yake kuna kalvati ambalo hakuna mkulima angejisumbua kulijenga, umefika. Mataruma ya chuma, yale yanayolazwa chini ya reli, nayo utayakuta kwenye maboma ya watu: nguzo ya ua hapa, kidaraja cha mtaro pale.

Dhana nyingine niliikuta tangu shuleni: reli ilifika Uganda mwaka 1901. Mwaka ule reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Kichekesho ni kwamba wakati huo Kisumu ilihesabiwa kuwa Uganda. Mpaka ulisogezwa 1902, na reli yote ikajikuta Kenya. Kampala haikuunganishwa kwa reli moja na Mombasa hadi 1931, daraja la Nile hapa Jinja lilipokamilika. Reli ya kwanza katika ardhi ya Uganda ya leo ilijengwa Busoga: Jinja hadi Namasagali, 1912, karibu kilomita 100. Kwa hiyo kongwe kuliko zote ni hii hii iliyokufa.

Na kwa nini ilijengwa kuelekea kijiji ambacho leo wengi hawakijui? Kwa sababu Nile ikitoka ziwani ina maporomoko, na meli haipiti. Reli iliyaruka maporomoko hayo. Abiria alishuka melini Jinja, akapanda treni, akafika Namasagali akaingia meli nyingine, akavuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, akaenda kwa barabara hadi Butiaba, kisha Ziwa Albert na Kongo ng'ambo. Pamba ya Busoga, Teso na Lango ilipita njia hizo hizo kwenda pwani.

Watu husema Namasagali iliuawa na vita. Iliuawa na maji. Tawi la reli kuu kutoka Tororo lilipofika Soroti, huko Teso, mwaka 1929, mzigo wa Kyoga ulianza kupungua. Kisha mvua kubwa za 1961 na 1962 zikaja, maziwa yakafura, gati likazama, na huduma za meli zikaondolewa. Majengo ya reli yakawa shule, Namasagali College, na vizazi vya wanafunzi vimesoma na kulala katika majengo hayo bila wengi kujua wako bandarini.

"Amin ndiye aliyeiua reli" ni jibu la haraka. Simtetei; uchumi alioubomoa uliibomoa reli pia. Ila Amin aliondoka 1979, na treni za Kasese, magharibi mwa nchi, zilitembea hadi miaka ya 1990. Njia ile ilifunguliwa 1956 kwa ajili ya shaba ya mgodi wa Kilembe, iliyokuja kuyeyushwa Jinja kwa umeme wa bwawa la Owen Falls. Mgodi uliposimama, mzigo mkuu ukaondoka. Tena mwaka 1977 shirika moja la reli la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya, na karakana kuu ikabaki Nairobi. Malori yakamaliza kazi.

Kosa la wapenzi wa reli wenyewe, mimi nikiwemo: kuona mwaka uliochapwa ubavuni mwa reli na kutangaza kwamba njia ilijengwa mwaka huo. Ule ni mwaka chuma kilipotengenezwa kiwandani. Reli zilizochakaa kwenye njia kuu hung'olewa na kutandikwa upya kwenye njia ndogo, kwa hiyo chuma kinaweza kuwa kikuukuu kuliko tuta kinacholalia, au kipya zaidi.

Kisha kuna lile la hatari: reli iliyofungwa haina mwenyewe. Inaye, Shirika la Reli, hata pale nyasi zinapokufika kifuani. Usiokote hata msumari. Wala usilale juu yake ukidhani treni haiji kamwe: njia ya Tororo hadi Gulu ilifungwa 1993, na mwaka 2013 treni ya mizigo ikapita tena.

Ndiyo maana wanaolima kwenye eneo la reli hawamchekei mgeni mwenye kamera. Karibu na Mbulamuti mzee mmoja alinisimamisha.

"Habari ya hapa, mzee."

"Nzuri, mwanangu. Umekuja kupima?"

Nikamwambia sipimi, nafuata tu njia ya gari la moshi. Alinitazama viatu, akatazama mfuko wangu kama una kamba ya kupimia. Kisha akanyoosha fimbo kwenye muhogo wake: "Mabehewa ya pamba yalikuwa yanasimama hapo. Pita pembeni, usinikanyagie."